Kujua Kosa Lipo, Kujua Kosa Liko Wapi

Katika miaka yangu ya kufundisha hisabati kwenye shule za sekondari mkoani Mtwara, namba iliyonisaidia kuliko zote haimo katika mtaala. Ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Zidisha 2 kwa yenyewe mpaka ufike kipeo cha 67, kisha toa 1, utaipata. Si namba tasa; ina vigawo vingine mbali na 1 na yenyewe. Sentensi hiyo fupi iliwachukua wanahisabati zaidi ya miaka 250 kuikamilisha, na kwa kuifuatilia safari yao nimejifunza namna ya kuyapima maneno ya watu, na yangu mwenyewe pia.

Nilikutana nayo nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika maktaba ya Mlimani, ndani ya kitabu cha mwanahisabati E. T. Bell kilichochapishwa mwaka 1951. Mpaka siku hiyo hisabati niliyoijua ilikuwa ya kanuni zilizokwisha kukamilika. Mwalimu anaiandika ubaoni, sisi tunainakili, mtihani unaiuliza, tunairudisha. Katika kurasa zile niliona jambo jipya: mtu ametoa dai, wakubwa kwa wadogo wamelipokea, kizazi kimepita na kingine kimefuata, kisha mmoja akakaa chini akalikagua, na dai likaanguka. Nilitoka maktaba nikiwa nimeamua kwamba hivyo ndivyo nitakavyofundisha.

Aliyetoa dai ni Marin Mersenne, mtawa wa Kikatoliki aliyeishi Paris na kufariki mwaka 1648. Wanasayansi wengi wa Ulaya ya wakati ule walipashana habari kupitia barua alizoandika na kupokea, wakiwemo Fermat na Descartes. Mwaka 1644 alichapisha kitabu ambacho katika utangulizi wake aliorodhesha vipeo. Alisema kwamba ukichukua 2, ukaipandisha kwa kipeo fulani na kutoa 1, utapata namba tasa ikiwa kipeo hicho ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257, na kwamba hakuna kipeo kingine chini ya 257 kinachofanya hivyo.

Orodha hiyo haikuwa mchezo. Tangu enzi za Wagiriki watu walikuwa wakizitafuta namba kamilifu, yaani namba ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha namba ileile. Namba 6 ni kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 ni 6. Vivyo hivyo 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Euclid alithibitisha kwamba kila unapopata namba tasa ya aina hii ya 2 kipeo fulani toa 1, umepata pia namba kamilifu. Kwa 28, tasa hiyo ni 7, ambayo ni 8 toa 1. Kwa hiyo, kama Mersenne alisema kweli kuhusu 67, alikuwa ametupa namba kamilifu mpya kubwa kupita kiasi.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kulikagua dai hilo. Njia ambayo kila mtoto wa darasa la sita anaijua, ya kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7 na kuendelea, ingemtaka mtu ajaribu namba tasa zaidi ya milioni 10 kabla hajakifikia kigawo kidogo cha namba hii. Basi orodha ikakaa. Ilibebwa na jina la mwenyewe, na jina lake lilikuwa la heshima kweli. Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla ya mtu kuweza kusema kwa hakika kwamba 67 haistahili kuwemo. Uhakiki wa orodha nzima ulikamilika mwaka 1947, na ulionyesha makosa matano: 67 na 257 zimo bila kustahili, na 61, 89 na 107 zimeachwa ilhali zinastahili.

Darasani huwa sianzi na hadithi ya Mersenne. Naanza na namba ndogo. Nawaambia wanafunzi wachukue vipeo vilivyo tasa, kimoja kimoja. 2 kipeo cha 2 toa 1 ni 3. Kipeo cha 3 kinatoa 7. Kipeo cha 5 kinatoa 31. Kipeo cha 7 kinatoa 127. Zote tasa. Kisha nauliza: kipeo cha 11 je? Kila darasa nililofundisha lilijibu kwa sauti moja kwamba itakuwa tasa. Kipeo cha 11 kinatoa 2047, na nawaacha wahangaike nayo. Mara zote hutokea mmoja, kwa kawaida yule asiyesema sana, anayeinua mkono na kusema: "Mwalimu, inagawanyika kwa 23." Na kweli, 23 mara 89 ni 2047. Ukimya unaofuata ndio mwanzo wa somo. Mifano minne iliyokubali haikuwa uthibitisho wa mfano wa tano.

Baada ya hapo nawaonyesha jaribio lililobuniwa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876, kwa sura rahisi aliyoipa D. H. Lehmer mwaka 1930. Anza na 4. Ipandishe kipeo cha pili, toa 2, kisha gawa kwa namba unayoichunguza na ushike baki. Baki hilo nalo lipandishe kipeo cha pili, toa 2, shika baki. Mlolongo uwe na namba pungufu moja kuliko kipeo ulichoanza nacho. Ukiishia kwenye sifuri, namba yako ni tasa. Ukiishia kwenye kitu kingine chochote, si tasa. Kwa 127, iliyotokana na kipeo cha 7, mlolongo una namba sita: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri imetokea, basi 127 ni tasa. Kwa 2047 mlolongo una namba kumi: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Hakuna sifuri mwishoni, basi 2047 si tasa.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha tano aliutazama mlolongo huo kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona 23 na 89 hazimo?"

Nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi yangu, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Hazimo kweli. Jaribio linasema namba hii ina vigawo, lakini halisemi ni vipi. Limetoa hukumu bila kumtaja mhusika. Na hukumu hiyo ni ya uhakika, si ya kukisia, kwa maana kanuni yake imethibitishwa hatua kwa hatua. Mtu anaweza kujua bila shaka yoyote kwamba namba inagawanyika, na bado asijue hata kigawo kimoja.

Hivyo ndivyo Lucas alivyoiacha namba yetu ya tarakimu 21. Mwaka 1876, kwa njia za ukoo huo, alionyesha kwamba 2 kipeo cha 67 toa 1 si tasa, na kwamba ile ya kipeo cha 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli. Hiyo ya pili ikabaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa miaka 75. Kuhusu ile ya 67, wanahisabati wakajua kwamba Mersenne alikosea, lakini wasijue namba hiyo imeundwa na nini. Hali hiyo ilidumu miaka 27.

Aliyeimaliza kazi ni Mmarekani Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York na katibu wa Jumuiya ya Hisabati ya Marekani tangu mwaka 1896. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa jumuiya hiyo mjini New York, alipewa nafasi ya kusoma mada yake kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Simulizi iliyoenea kupitia kitabu cha Bell inasema Cole alikwenda ubaoni kimya, akaipiga hesabu ya 2 kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kitini bila kutamka neno, na ukumbi ukampigia makofi. Bell anaeleza pia kwamba miaka kadhaa baadaye alimwuliza Cole kazi ile ilimchukua muda gani, na jibu likawa Jumapili za miaka mitatu.

Niliposoma habari hiyo nikiwa kijana, kilichonivutia ni ule ukimya. Nilipokuwa mwalimu nilianza kuvutiwa zaidi na zile Jumapili. Cole alizitumiaje? Hakukaa akigawa kwa kila namba tasa iliyokuja mbele yake. Kazi kubwa ilikuwa kupunguza wagombea.

Nieleze kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu. Fermat alikuwa ameona tangu mwaka 1640 kwamba kigawo tasa chochote cha 2 kipeo tasa toa 1 hakiwezi kuwa namba yoyote tu. Kama kipeo ni 67, kila kigawo tasa, kikigawanywa kwa 134, yaani mara mbili ya 67, lazima kiache baki 1. Kwa kutumia sheria hiyo katika kipeo cha 37, Fermat alikipata kigawo 223 mara moja. 223 ni 6 mara 37, jumlisha 1. Angalia pia ile 2047 yetu: 23 ni 22 jumlisha 1, na 89 ni mara nne ya 22 jumlisha 1. Kuna sheria ya pili: kigawo hicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kiache baki 1 au 7. Zitumie sheria hizo mbili juu ya namba ya Cole, na badala ya wagombea milioni 10 na zaidi, utabaki na kama 720,000 mpaka kukifikia kigawo kidogo. Ondoa wale wanaogawanyika kwa 3, kwa 5 na kwa 7, utabaki na kama 330,000. Bado ni wengi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Cole akaongeza ungo wake mwenyewe: alitafuta mabaki ya vipeo vya pili, na kila baki alilolipata lilimpa sharti jipya ambalo kigawo kilipaswa kulitimiza. Sharti likiongezwa juu ya sharti, kundi likazidi kupungua, mpaka kilichotafutwa kikakosa pa kujificha.

Somo hilo nililiona likifanya kazi nje ya darasa, katika msimu mmoja wa korosho wa miaka ya tisini. Chama cha msingi cha kijiji nilichokuwa nikiishi kilikuwa kimefunga mahesabu. Kila mkulima aliyepima korosho zake aliandikiwa stakabadhi, kishina kikabaki kitabuni, na kilo zake zikahamishiwa katika daftari kuu ambalo ndilo lililotumika kulipa. Jumla ya vishina ilizidi jumla ya daftari kwa kilo 54. Karani alikuwa kijana, na maneno yalikwisha kuanza kuzunguka kijijini kwamba kijana amezila. Mwenyekiti, mzee aliyeheshimika, alikuja nyumbani jioni akaniambia: "Mwalimu, hesabu ni kazi yako. Njoo ututazamie kabla watu hawajagombana."

Nilikwenda. Jambo lililojulikana ni kwamba kosa lipo. Jumla mbili zilizopaswa kulingana hazikulingana, na hakuna aliyeweza kulibisha hilo. Lakini kutoka hapo hadi kumtaja mwizi kulikuwa na safari ndefu ambayo kijiji kilikuwa tayari kuiruka. Nikamwomba mwenyekiti tusimwite mtu yeyote kwanza.

Watu wa mahesabu wana desturi ya zamani. Tofauti ikitokea, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda kuna mahali mtu amebadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana. Sababu yake ni rahisi: tarakimu ikihama kutoka makumi kwenda mamoja, thamani yake hupungua mara tisa ya tarakimu hiyo, na ile iliyochukua nafasi yake huongezeka mara tisa yake, tofauti yote kwa hiyo ni 9 mara tofauti ya tarakimu hizo mbili. Sasa, 54 ni 9 mara 6. Kama kosa ni la kupindua makumi na mamoja, tarakimu hizo mbili lazima zitofautiane kwa 6. Na kwa kuwa daftari ndilo lililopungukiwa, ndani ya daftari kuna kiasi kinachoishia na 06, 17, 28 au 39, ambacho kwenye kishina kinaishia na 60, 71, 82 au 93. Hakuna uwezekano mwingine. Badala ya kupitia kila mstari, tulihitaji kutazama kama mmoja katika kila ishirini na mitano.

Tuliketi mimi, mwenyekiti na karani mwenyewe, taa ya chemli katikati. Mmoja anasoma daftari, mwingine anafunua kishina. Usiku haukuwa umekwenda sana tulipolifikia jina la bibi mmoja mjane. Daftari linasema kilo 128, kishina kinasema kilo 182. Karani aliziandika mwenyewe zote mbili, na katika kuhamisha mkono ukateleza. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na mwanamke mzima aliyekuwa karibu kupoteza bei ya kilo 54 za korosho zake, na kijana aliyekuwa karibu kupoteza jina lake.

Nataka msomaji aone mipaka ya jambo hili. Kugawanyika kwa 54 kwa 9 hakukuthibitisha kwamba kijana ni mwaminifu. Mtu anaweza kuiba kilo 54 hasa. Ilikuwa dalili iliyotuonyesha pa kutafuta, kama zile sheria za Fermat zilivyomwonyesha Cole. Uthibitisho ulikuja pale karatasi mbili zilipowekwa pamoja, na mwenyekiti, ambaye hakupita shule nyingi, akaweza kuona kwa macho yake. Kesho yake kwenye mkutano hatukuwaambia wanachama watuamini. Tuliwaonyesha kishina na daftari, na kila aliyetaka alisogea akatazama. Maneno yakaisha siku ileile.

Tangu hapo nimekuwa nikisema kwamba Lucas na Cole wanahitajika wote wawili katika kila kijiji na kila ofisi. Tunahitaji watu wenye uwezo wa kusema kwa hakika kwamba hapa pana kosa, hata kama hawajui liko wapi. Kazi yao ni halali na tusiidharau. Mkaguzi anayesema mahesabu hayalingani amesema jambo kubwa. Lakini tunahitaji pia subira ya kulitafuta kosa mpaka lionekane, na adabu ya kutomtaja mtu kabla ya kufika huko. Balaa nyingi nilizoziona katika vyama, misikitini na makanisani, na ndani ya familia wakati wa mirathi, zilizaliwa katika nafasi iliyo kati ya hatua hizo mbili. Watu wanajua kuna upungufu, nao ni wa kweli. Halafu wanaijaza nafasi hiyo kwa jina la mtu wasiyempenda.

Miaka imepita, na namba za aina hii zimepata kazi ambayo Cole hakuiwaza. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa anashughulika na mifumo ya kompyuta ya benki, alinipigia simu: "Shikamoo mwalimu. Unakumbuka ule ubao wa Cole? Ndio kazi yangu ya kila siku." Alikuwa akizungumzia njia ya kuficha ujumbe iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Chukua namba tasa mbili kubwa, zizidishe, kisha tangaza zao lake hadharani. Kila mtu anaweza kulitumia kufunga ujumbe, lakini wa kuufungua ni yule anayezijua tasa mbili zenyewe. Usalama wote umejengwa juu ya jambo lilelile lililotokea New York mwaka 1903: kuzidisha ni kazi ya dakika chache, kurudi nyuma ni kazi ya Jumapili za miaka.

Hapo pia palitokea funzo la kiburi. Mwaka 1977 wavumbuzi hao walitoa hadharani namba ya tarakimu 129, pamoja na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja, na makadirio yaliyochapishwa yalisema ingechukua mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Ilivunjwa Aprili 1994, kwa msaada wa watu wapatao 600 waliojitolea kompyuta zao kupitia intaneti. Mwaka 2020 ikavunjwa namba ya tarakimu 250. Vyeti vingi vinavyolinda tovuti za benki na maduka ya mtandaoni leo hutumia namba za tarakimu 617, na hakuna aliyetangaza kuzivunja. Ile ya Cole sasa simu ya kawaida ikiwa na programu inayofaa huitafutia vigawo kwa kufumba na kufumbua. Ugumu wa namba haumo ndani ya namba peke yake. Umo pia katika njia tulizonazo, na njia hukua.

Hata hivyo bado kuna mahali ambapo tumesimama pale alipotuacha Lucas. Chukua 2 kipeo cha 1277, toa 1. Ina tarakimu 385. Jaribio la Lucas na Lehmer limekwisha kusema kwamba si tasa, na hukumu hiyo haina rufaa. Lakini hadi ninapoandika haya hakuna binadamu wala mashine iliyopata hata kigawo chake kimoja. Lucas tunaye. Cole wa namba hiyo hajatokea. Huwaambia wanafunzi habari hii kila mwaka, kwa sababu wengi wao huja shuleni wakidhani hisabati ilikwisha zamani, ikafungwa katika vitabu na watu wa nchi nyingine. Haikuisha. Kazi ipo, na haiulizi mtu ametoka kijiji gani.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Wapeni wanafunzi namba mbili za Cole wazizidishe wenyewe, bila kikokotoo. Kikokotoo cha kawaida hakitoshi hata hivyo. Tarakimu 21 haziingii katika kioo chake. Wafundisheni kuzigawa katika makundi ya tarakimu tatu tatu. Kundi la mwisho la moja ni 721, la nyingine ni 287. Zao lao ni 206,927. Andika 927, beba 206. Kisha 721 mara 257, jumlisha 707 mara 287, jumlisha 206 uliyobeba: 388,412. Andika 412, beba 388. Tayari tarakimu sita za mwisho za namba yetu, 412,927, ziko mezani. Makundi yakimalizika, mwanafunzi amekamilisha kwa mkono wake hesabu ileile iliyopigiwa makofi New York, na hahitaji kumwamini Bell, wala Cole, wala mwalimu wake. Nimewaona vijana wakipiga kelele za furaha kundi la mwisho lilipokubali. Ni furaha ya kushika ukweli kwa mkono wako mwenyewe, na mtoto aliyeionja mara moja hataridhika tena na jibu la "ndivyo ilivyoandikwa".

Nawe msomaji, hata kama uliachana na hisabati tangu ulipomaliza shule, uwe na desturi hii. Ukiambiwa jambo na mtu wa heshima, mheshimu, kisha uliza litakaguliwaje. Ukiambiwa kuna kosa, kubali kama hesabu inasema hivyo, lakini usitaje jina la mtu mpaka kosa lenyewe lionekane. Na ukiwa wewe ndiye unayetoa dai, litoe kwa namna ambayo jirani yako anaweza kulipima bila kukuomba ruhusa. Anza na hili langu. Usilichukue kwa neno langu: chukua kalamu, zidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287.